Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Figo ya Boston, 1954

Desemba 23, 1954, saa 3:53 asubuhi, figo ya kushoto ya Ronald Herrick ilitenganishwa na mwili wake katika hospitali ya Peter Bent Brigham, mjini Boston, Marekani. Chumba cha pili alilala pacha wake, Richard, kijana wa miaka 23 ambaye figo zake zote mbili zilikuwa zimeharibika. Saa 5:15 vibanio vya mishipa vilifunguliwa. Figo iliyokaa dakika 82 bila damu ikarudiwa na rangi yake, na mkojo ukatiririka hadi ukapanguswa sakafuni.

Kila nikiirudia habari hii, macho yangu hayatui kwanza kwenye mikono ya daktari Joseph Murray, hodari kama ilivyokuwa. Yanatua kwenye uamuzi uliotangulia kisu. Timu yake ilipanga matatizo yake mojamoja, ikajua lipi imeshalimudu na lipi bado liko nje ya uwezo wake, kisha ikamtafuta mgonjwa ambaye kwake lile lililowashinda halikuwepo.

Matatizo yalikuwa matatu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; kiungo cha kupandikizwa ni mgeni wa aina hiyo hiyo. Lazima afunguliwe mlango, apewe chumba, na walinzi wa nyumba wasimfukuze.

Mlango ni mshono wa mishipa ya damu. Ateri ni bomba laini. Ukiunganisha ncha mbili ovyo, sindano hunasa ukuta wa pili na njia huziba, au damu huganda kwenye mshono. Ufumbuzi aliutoa Alexis Carrel, Mfaransa wa Lyon, mwaka 1902. Alitia nyuzi tatu za kushikilia kuzunguka mdomo wa mshipa na kuzivuta, duara likawa pembetatu. Kila upande ukanyooka kama pindo la kanga mikononi mwa fundi, naye akashona bila kugusa ukuta wa upande mwingine. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Kwa hiyo kina Murray walipoingia chumba cha upasuaji, mlango ulikuwa na miaka hamsini tangu ufunguliwe.

Chumba kilichukua muda zaidi. Yurii Voronoy wa Ukraine, aliyepandikiza figo ya binadamu mwaka 1933, aliiweka pajani. Hata pale Boston, mwanzoni mwa miaka ya 1950, David Hume aliziweka nyingi pajani, na moja ilifanya kazi kwa takriban miezi mitano. Paja hufikika kwa urahisi, ila mkojo hulazimika kutokea kwenye ngozi, na tundu hilo ni njia ya vijidudu. Madaktari wa Ufaransa, René Küss akiwa miongoni mwao, mwaka 1951 walihamia chini ya tumbo, ndani ya nyonga. Hapo mishipa mikubwa ya damu iko karibu, na kibofu kiko jirani, hivyo mrija unaoshusha mkojo unaweza kuwa mfupi. Ufupi huo una maana kubwa, kwa sababu mrija uliohamishwa hulishwa na damu inayotoka kwenye figo yenyewe. Ukiwa mrefu, ncha yake hufa njaa.

Murray alifuata njia hiyo. Alifanya mazoezi kwa mbwa, na siku chache kabla ya upasuaji akaupitia wote juu ya maiti. Kwa Richard, ateri ya figo iliungwa ncha kwa ncha na tawi la ndani la ateri ya nyonga, tawi linaloweza kukatwa kwa kuwa eneo hilo hupata damu pia kutoka upande wa pili. Vena ya figo ikashonwa ubavuni mwa vena kubwa ya nyonga, na mrija ukaingizwa kibofuni.

Wakabaki walinzi. Desemba 1952, mjini Paris, mama mmoja alimpa mwanawe wa miaka 16 figo. Ilifanya kazi vizuri kwa wiki tatu hivi, kisha mwili wa mtoto ukaikataa. Mshono haukuwa na kosa. Peter Medawar, akichunguza upandikizaji wa ngozi Uingereza tangu miaka ya vita, alikuwa ameonyesha kwamba kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia nyama ya mtu mwingine, na kwamba mara ya pili hushambulia haraka zaidi. Mwaka 1954 hapakuwa na dawa ya kuituliza kinga hiyo na kumwacha mgonjwa hai.

Pacha waliotokana na yai moja waliliondoa tatizo hilo, mradi iwe kweli ni wa yai moja. Madaktari walipeleleza kumbukumbu za uzazi, wakalinganisha alama za vidole kituo cha polisi. Kipimo kikuu kilikuwa ngozi: kipande cha Ronald kilipandikizwa kwa Richard. Wiki zilipita, kipande kikabaki hai. Mwili ulikuwa umeulizwa, nao ukajibu.

Richard aliishi miaka minane zaidi, akamwoa muuguzi aliyemhudumia, wakapata watoto wawili. Kwa kuwa njia ya upasuaji ilikuwa imethibitishwa, utafiti ulielekezwa kwa walinzi peke yao. Dawa ya azathioprini ilifika mwanzoni mwa miaka ya 1960, na siklosporini, iliyotokana na kuvu wa udongo wa Norway, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1983. Murray alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Hospitali ya Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Tanzania, Novemba 2017, ilitembea njia hiyo ndefu: mshono, nyonga, na dawa za kutuliza kinga, maana ndugu wengi si pacha.

Lakini kuna hesabu moja ambayo ngozi haikuweza kuijibu. Kwa kawaida, kisu humgusa mgonjwa kwa faida ya mgonjwa mwenyewe. Ronald alikuwa mzima. Timu iliomba ushauri kwa viongozi wa dini, wanasheria na madaktari wengine. Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard alimwandikia nduguye akimsihi aondoke, arudi nyumbani. Ronald akajibu kwamba yupo, na atabaki. Alibaki kweli: aliishi na figo moja miaka 56, hadi mwaka 2010. Miaka hiyo naihesabu kuwa sehemu ya upasuaji uleule, kwa sababu mgeni alikuwa na nyumba alikotoka, na nyumba hiyo nayo ilipaswa kubaki imesimama.