Kabati Lisilouzwa

Kabati la sebuleni hubeba vikombe. La karakana hubeba jiliwa, makopo ya rangi na misumari ya kilo kwa kilo, na hakuna mteja atakayelisifu. Ndiyo maana nikiingia kwa seremala yeyote hapa Nakuru, macho huenda kwanza kwenye kabati lake la zana. Hilo hakulijenga ili ampendeze mtu.

Mbao si ngeni kwetu. Kutoka Njoro ukipanda Elburgon hadi Molo ni nchi ya saiprasi na misonobari. Hata hivyo, ukataji miti ulipopigwa marufuku Februari 2018, mbao ziliadimika na bei ikapaa. Ilikuwa Julai 2023 ndipo Rais Ruto alipotangaza, akiwa huko huko Molo, kwamba marufuku imeondolewa. Katika kipindi hicho, bodi za kiwandani za futi 8 kwa 4 zilizidi kuheshimiwa.

Fundi ninayependa kumtazama, kule mtaa wa Free Area, hanunui bodi kwa uzuri wa uso. Huisimamisha, akafumba jicho moja na kufuata ukingo kuona kama imepinda, kisha huigonga kwa kifundo cha kidole akisikiliza kama kuna uwazi ndani. Bodi ya MDF haiweki karibu na sakafu: ikinywa maji kingoni huvimba, wala hairudi. Ubavu wa kabati huwa plaiwudi ya milimita 18. Nyuzi za matabaka yake zimepishana, kwa hiyo haibabaishwi na jua la Januari wala mvua ya Aprili. Rafu ni za blokbodi, na hapa wengi huharibu: fito za ndani lazima zilale kwa urefu wa rafu. Zikilala kwa upana, rafu itabonyea hata kabla zana hazijajaa.

Urefu nao hauchezei. Rafu ikirefushwa mara 2, mzigo ule ule huipinda mara 8. Basi hutia kigawanyo katikati, na mbele ya rafu hubandika ufito wa saiprasi uliosimama wima.

Kisha mfereji wa kuingizia rafu ubavuni. Futi kamba huiweka kando, maana plaiwudi inayoitwa 18 mara nyingi haifiki 18. Huichukua rafu yenyewe, akaisimamisha juu ya ubavu na kuchora pande zote mbili kwa ncha ya kisu. Kina ni milimita 6, theluthi ya unene, basi. Rafu inatakiwa kuingia kwa kubembelezwa na nyundo ya mbao. Ikiteleza yenyewe, mfereji umepwaya. Ikikaa sawasawa, mzigo hulala juu ya mbao, si juu ya skurubu.

Kiungo cha mkia wa njiwa hukiwekea droo, nazo huzitengeneza kwa saiprasi tupu, kwa sababu droo iliyojaa tupa na patasi huvutwa kwa mbele kila siku, na kiungo hicho hakichomoki upande huo. Kwenye plaiwudi, ncha za mikia hubanduka vipande vipande. Anayeng'ang'ania kukichonga huko, mimi naona ni maringo tu.