Mbavu za plastiki na kichanga wa Songea

Kuna modeli moja ya kujifunzia upasuaji wa matundu madogo ambayo ukiiona lazima uipende. Katherine Barsness na wenzake huko Chicago walichapa mbavu za kichanga kwa printa ya 3D, ndani wakaweka nyama ya kijusi cha ng'ombe. Daktari anaingiza kamera na vyuma vyembamba, anafanya mazoezi ya kuunga umio ulioishia njiani na kuziba tundu linaloungana na bomba la hewa. Akikosea, anabadilisha nyama anaanza upya. Kazi safi kabisa. Kasoro hii humpata mtoto mmoja hivi kati ya 3,000, sasa bingwa atazoea lini? Na mtoto wa mtu si wa kujifunzia.

Ninachokilalamikia ni pale somo linapoanzia. Huyu wa mbavu za plastiki keshafika mezani, mapafu hayana shida. Wa kwetu Songea anazaliwa zaidi ya kilomita 900 za barabara kutoka Muhimbili. Anatoa povu mdomoni, anapaliwa, akinyonya anageuka bluu. Wakati huohuo asidi ya tumbo inapanda kupitia lile tundu na kuunguza mapafu. Kumshuku mapema hakuhitaji kamera: pitisha mpira wa kulishia mdomoni. Ukigoma kwenye sentimita 10 hivi, basi usimnyonyeshe, inua kichwa, vuta mate mara kwa mara, mtie joto, piga simu ya rufaa. Yaani modeli ya zoezi hili ni chupa tupu na mpira uliozibwa mwisho!

Na si maneno yangu tu. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2021, uliohusisha hospitali 264 katika nchi 74, uliangalia kasoro saba za kuzaliwa za njia ya chakula, umio ukiwemo. Nchi za kipato cha chini walikufa karibu 40%, za kati 20%, tajiri chini ya 6%. Kati ya mambo yaliyoendana na vifo: mtoto kufika tayari ana maambukizi kwenye damu, na kukosa mashine ya kupumulia anapoihitaji.

Matundu madogo yana faida, sibishi. Kifua kilichofunguliwa kikiwa kichanga kinaweza kuja kupinda mgongo. Ila toleo lijalo la modeli ningeomba lianzie mdomoni, likiwa na povu.