Utengano wa Wahusika na Kukua kwa Wahusika Wapya: Mzalendo Kimathi na Tamthilia ya Televisheni

Mtunzi wa tamthilia ya televisheni aliyekwisha kukusanya wahusika kumi au kumi na wawili mahali pamoja hukabiliwa na tatizo ambalo mwandishi wa jukwaani analijua pia: anayeingia mwisho hana pa kusimama. Wenyeji wamekwisha kugawana kazi zote. Yupo kiongozi, yupo mpinzani wake, yupo mchekeshaji. Mgeni akitia neno huongeza sauti tu katika kwaya. Dawa iliyozoeleka ni kulivunja kundi. Katika The Walking Dead, mfululizo wa Marekani, gereza walimokuwa wakiishi wahusika wakuu lilianguka katika kipindi cha Desemba 2013, na vipindi vya mwanzo wa 2014 vikawafuata wakiwa wawili wawili na watatu watatu. Beth, msichana aliyekuwa mara nyingi pembeni mwa wengine, alipata kipindi kizima akiwa na Daryl peke yao. Abraham, Rosita na Eugene nao waliingia kwa kukutana na Glenn na Tara tu.

Mbinu hii ilikuwapo katika tamthilia ya Kenya miaka mingi kabla ya hapo, na mfano wake ulio wazi zaidi unatoka Nyeri. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na kwao, Tetu, tarehe 21 Oktoba 1956. Alishtakiwa mjini Nyeri mwezi uliofuata kwa kosa la kupatikana na bastola, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo waliigeuza kesi hiyo kuwa tamthilia mwaka 1976, na tafsiri ya Kiswahili, Mzalendo Kimathi, ilitoka 1978. Wahakiki wengi wameisoma kama tamthilia ya shujaa mmoja. Usomaji huo una haki yake, lakini haumtendei haki Mvulana wala Msichana, ambao ndio wahusika wanaobadilika.

Kimathi habadiliki. Anaingia akiwa amekamilika, na majaribu anayofanyiwa seluni, ya Henderson, ya wenye benki, ya mwanasiasa na kasisi, yanaonyesha uthabiti aliokuwa nao tangu mwanzo. Mhusika wa namna hii akiwekwa karibu na wengine huwameza. Waandishi wanamfungia, na kwa kumfungia wanaifungua barabara ya Nyeri. Huko nje Mvulana anamkimbiza Msichana kwa ajili ya vishilingi walivyopata kwa mtalii, na Mwanamke anayeingilia kati anamkabidhi Mvulana mkate uliofichwa bunduki ndani. Kimathi angekuwapo, mkate ungekuwa amri. Mkononi mwa mtoto wa mitaani asiyejua anatumwa kwa nani hasa, unakuwa swali.

Hata hivyo utengano huu wa kwanza unatoa nafasi tu. Kama mambo yangeishia hapo, Mwanamke angechukua kiti cha Kimathi na vijana wawili wangebaki wanafunzi wake. Utengano wa pili ndio wenye uzito: Mwanamke anatiwa mbaroni kabla mpango haujatimia. Sasa hakuna mkubwa wa kuulizwa. Msichana, ambaye maisha yake yote yamekuwa ya kukimbia, ameamua kusimama na kumkabili Mvulana, na kutokana na kusimama huko wawili hawa waliokuwa wakiumizana wanaingia kortini wakiwa kitu kimoja. Mlio wa risasi wa mwisho unatokana na uamuzi wao, ingawa mkate ulitoka kwa mwingine. Watunzi wengi wa televisheni hukosea hapa: huwatawanya wahusika, kisha humpa kila mgeni mlezi wa kudumu, na mgeni hubaki kivuli cha mlezi wake hadi kundi likutane tena.

Uthibitisho wa kinyume umo ndani ya tamthilia hiyohiyo. Katika maonyesho ya msituni wapiganaji ni wengi, lakini macho yote yako kwa Kimathi, naye ndiye anayehukumu, kusamehe na kukemea. Msomaji akifunga kitabu atamkumbuka Msichana asiye na jina vizuri zaidi kuliko wapiganaji hao. Huenda waandishi walikusudia hivyo. Pengo lipo hata hivyo.

Inaweza kudaiwa kwamba utengano ni hila ya kiufundi tu, njia ya kujaza vipindi. Kwa nchi ya Mlima Kenya dai hilo ni jepesi. Huko utengano ulikuwa sera ya serikali ya kikoloni. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa katika vijiji vya lazima, na handaki likachimbwa kando ya msitu ili mpiganaji asifikiwe na aliyemletea chakula. Mtunzi wa televisheni anayetaka kuigiza miaka hiyo hana haja ya kubuni ajali ya kulivunja kundi. Tayari kuna mtu msituni Nyandarua, mwingine ndani ya uzio wa kijiji karibu na Karatina, mwingine kizuizini, kila mmoja akiamua mambo bila kujua mwenzake yu hai.

Na yupo Muthoni wa Kirima wa Nyeri, mwanamke aliyefikia cheo cha Fildi Masho katika Mau Mau, aliyefariki Septemba 2023. Mfululizo utakaomwonyesha akiwa kando ya Kimathi tu utampa mistari michache na bunduki ya kushika. Lakini Kimathi alikamatwa 1956, na Muthoni alibaki msituni hadi uhuru mwaka 1963. Ni miaka saba bila kiongozi yule: nani alipanga doria, nani aliamua lini moto uwashwe na lini watu walale na njaa, mwanamke aliyekuwa akipokea amri alianza lini kuzitoa? Mzalendo Kimathi inaishia kortini na haikuwa na wasaa wa kufika huko. Televisheni, yenye majuma mengi na saa nyingi, inao, mradi mtunzi akubali kumtoa Kimathi mapema na asimrudishe kwa njozi kila kipindi.