Tazama Chini ya Kidevu

Picha iliyopewa zawadi ya kwanza mashindanoni ilikuwa ya mzee wa Kigogo, uso mzima makunyanzi, nyuma yake giza totoro. Ukumbi ukapiga makofi. Jaji mmoja akasema picha ile "inaongea". Kweli iliongea: ilisema imekesha kwenye kompyuta. Makunyanzi yamenolewa hadi ngozi imekuwa gome la mbuyu, na weusi wa mzee umegeuzwa majivu. Mzee wa nchi hii hana rangi ile hata akiwa mgonjwa.

Tuelewane. Picha ya mtu wa Dodoma huhukumiwa kwanza chini ya kidevu. Asiyeijua fani hukimbilia macho, na macho hata simu siku hizi inayapata. Kiangazi huku hakina mchezo: kuanzia Mei mvua imekwisha, majani yamekauka, ardhi imebaki wazi. Jua la saa sita likigonga udongo mwekundu wa Chamwino au Mvumi, linarudi juu. Linaingia chini ya kidevu, chini ya pua, kwenye kope za chini, limebeba wekundu kidogo. Kwa ngozi nyeusi mwanga huo ndio mali yenyewe. Ndio unaoitenga taya na shingo, ndio unaoonyesha kwamba ndani ya kivuli mna ngozi, wala si shimo. Ukikuta pale pana kijivu au ubuluu, basi flashi imepigwa usoni, au vivuli vimenyanyuliwa kwa programu, au picha haikupigwa huku. Kwenye picha ya nyeusi na nyeupe wekundu hutauona, lakini ukingo wa taya utauona. Kama haupo, weka picha chini. (Kwenye mbuga za Bahi udongo ni mweusi, hesabu yake ni nyingine, asikudanganye mtu kwa hilo.)

Palikuwa na fundi mmoja karibu na stesheni ambaye rifulekta ya kurudishia mwanga hakuwahi kuishika. Alikuwa na viroba vyeupe vya unga. Anavitandaza nje ya mlango, anamkalisha mteja kizingitini, uso nje, mgongo ndani, kisha anasogeza kiti kidogo kidogo hadi shingo iwake. Mteja aking'ang'ania pazia la ndani lenye ndege ya kuchora, fundi anakubali, ila anamtoza zaidi. Bibi harusi mweusi tii alitoka kwenye karatasi yake akiwa mweusi tii, na kila kunjo la shingo lipo. Mkanda wa picha 36 aliuheshimu. Kijana wa leo anapiga mia tatu kabla ya chai, halafu anatafuta moja ya kunyanyua vivuli.

Mbali na mwanga, shuka la kwenye picha nalo lina maneno yake. Namjua bwana mmoja ambaye buti la gari lake halikosi mashuka mekundu. Akifika kijijini, anamvua kijana jezi ya Yanga, anamfunga lubega, anamwambia asicheke. Mtego wake uko kwenye mikunjo: shuka lililokunjwa dukani hubaki na mistari ya pembe nne kifuani. Majaji hawaioni.

Watetezi wa picha za huzuni hupenda kumtaja mpiga picha Mohamed Amin. Haya, tumtaje. Amin alikulia Dar es Salaam na kampuni yake, Camerapix, aliianzisha huko huko mwaka 1963. Alipofika Korem, Ethiopia, wakati wa njaa, Oktoba 1984, hakurudi na nyuso zinazoelea gizani. Alirudi na uwanda, alfajiri na umati wa watu walioketi chini. Unajua wako wapi na ni saa ngapi. Picha isiyokuambia mahali wala saa ni pambo, na mapambo yauzwe kwa bei ya mapambo.

Wanaopiga picha michoro ya miambani Kondoa wana dhambi yao peke yao. Wapo wanaoumwagia maji mwamba ili rangi iwake. Mwanaakiolojia Mary Leakey, mwaka 1951, aliinakili michoro hiyo kwa mkono, tena kwa subira. Leo mtu ana kamera ya mamilioni na chupa ya maji ya kunywa. Tafuta vijicho vyeupe vya mng'ao kwenye jiwe. Mwamba mkavu haung'ai hivyo. Ukiviona, usinunue, na mwambie muuzaji kwa nini, kwa sauti ya kusikika: eneo hilo ni urithi wa dunia tangu 2006, na maji hayo yanaifuta michoro.

Kuhusu fremu, iwe nyembamba na nyeusi. Sababu sina haja ya kuitoa.

Usinunue picha chini ya taa za ukumbini. Omba kuitoa nje saa nne asubuhi, uishike kivulini, macho yako yatulie, kisha uitazame kuanzia kifuani kwenda juu. Muuzaji akianza kusema fremu ni nzito au kuna vumbi, rudisha pesa mfukoni.