Mthibiti, Mdhibiti, Mkaguzi: Majina ya Vyeo katika Uongozi wa Shule

Makala haya yanakusudia kuchunguza baadhi ya majina ya vyeo vya uongozi wa elimu yanayotumika Tanzania Bara, na kuuliza swali moja: je, jina la cheo lamweleza mwananchi kazi ya mwenye cheo? Swali hili si la wanaistilahi peke yao. Cheo huandikwa katika barua ya uteuzi, katika muhuri na katika kibao cha ofisi. Mwalimu hukitamani, mzazi hukitafuta apatapo shida, na mfasiri hana budi kukihamishia katika lugha nyingine bila kukipotosha.

Tutwae mfano wa kata ya Kibaoni, mjini Ifakara, wilayani Kilombero. Mwalimu wa shule ya msingi wa hapo atakaye kupanda katika uongozi huziona ngazi mbele yake: mwalimu mkuu msaidizi, mwalimu mkuu, Afisa Elimu Kata ambaye zamani aliitwa Mratibu Elimu Kata, kisha ofisi ya elimu ya halmashauri. Ipo pia njia ya pembeni, nayo ni ya kuwa Mthibiti Ubora wa Shule.

Jina hili la mwisho ndilo linalostahili kujadiliwa kwa kirefu. Ukaguzi wa shule ulikuwamo katika Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na kwa miaka mingi mhusika aliitwa mkaguzi wa shule. Katika miaka ya 2010 ukaguzi ukageuzwa kuwa uthibiti ubora. Nia ilikuwa njema. Walimu wengi walimwona mkaguzi kama mtu ajaye kutafuta makosa, na ilitakiwa sasa ajulikane kuwa msaidizi wa shule. Hatuna ugomvi na nia hiyo. Ugomvi wetu ni na neno.

Kwanza, tulitazame umbo lake. Kitenzi thibiti maana yake ni kuwa imara au kuwa kweli, kama tusemapo kwamba habari imethibiti. Anayelifanya jambo lithibiti hulithibitisha, naye huitwa mthibitishaji. Kwa kanuni hiyo, mthibiti angekuwa mtu aliye thabiti yeye mwenyewe, wala si mtu anayepima ubora wa shule.

Pili, tumtazame jirani yake. Kiswahili kina kitenzi dhibiti, chenye maana ya kutia mkononi, kuzuia na kutawala. Neno mdhibiti limekwisha kupewa kazi, kama katika cheo cha Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kati ya mthibiti na mdhibiti pana tofauti ya sauti moja tu, na sauti zote mbili, th na dh, ni ngeni kwa lugha nyingi za Kibantu za bara. Katika bonde la Kilombero wanaishi Wandamba, Wambunga, Wapogoro, Wabena na wahamiaji wengi waliofuata mashamba. Si haki kutegemea kwamba sikio la kila mzazi litaishika tofauti hiyo. Hata katika maandishi, "udhibiti ubora" huonekana mara kwa mara mahali palipokusudiwa "uthibiti ubora". Basi jina lililoundwa kumwondolea mkaguzi ukali limemweka ubavuni mwa jina lililo kali zaidi.

Watetezi wa istilahi hii watasema kwamba neno hupata maana yake kwa matumizi, na kwamba jina la mkaguzi lilikwisha kuchafuka. Hoja ya kwanza ni ya kweli, lakini matumizi yenyewe ndiyo yanayoyachanganya maneno haya mawili. Hoja ya pili twaikataa. Mkulima wa mpunga wa Ifakara hukagua shamba lake asiushutumu mpunga. Hukagua ili ajue pa kupalilia na mahali ndege walipoanza kushuka. Kitenzi kagua hakina ila. Kilichoogopwa ni mwenendo wa ukaguzi, na mwenendo hurekebishwa kwa kanuni na mafunzo. Jina likibadilika na mwenendo ukabaki, hofu nayo itahamia kwenye jina jipya.

Jozi nyingine ni ya mwalimu mkuu na mkuu wa shule. Kwa desturi ya utumishi, wa kwanza ni wa shule ya msingi na wa pili ni wa sekondari. Tofauti hiyo haimo katika maneno yenyewe: mwalimu mkuu naye ni mkuu wa shule, na mkuu wa shule naye ni mwalimu. Nchini Kenya, mwalimu mkuu hutumika kwa shule za ngazi zote mbili. Tena, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, inayoanzia shule ya msingi na kuishia sekondari. Ikiwa safari ya mwanafunzi ni moja, kwa nini kiongozi wake avuliwe jina la mwalimu katikati ya njia?

Mwisho ni suala la kiunganishi. "Afisa Elimu Kata" ni nomino tatu zilizopangwa kwa mtindo wa Kiingereza. "Afisa Elimu wa Kata" huongeza silabi moja tu na kuondoa mashaka yote.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba mkaguzi wa shule arudishiwe jina lake, na wajibu wa kushauri uandikwe wazi katika kanuni za kazi yake. Kwamba mwalimu mkuu atumike kwa shule zote, kwa kutaja ngazi ya shule. Na kwamba viunganishi virejeshwe katika vyeo. Hadi hapo, mfasiri na afisa wa serikali waendelee kuandika jina rasmi kama lilivyo, yaani uthibiti kwa th, lakini wasichoke kuwaeleza wananchi kazi iliyo nyuma ya jina hilo. Wasomaji walio mashuleni na maofisini wenye hoja za kutupinga twawakaribisha waziandike.