Wazee Waliojua Kusogea

Juu kidogo ya mji wa Tukuyu, asubuhi moja mvua ilipokatika, nilimtazama mtoto wa miaka saba hivi akifunga mzigo wa majani ya ng'ombe. Ng'ombe wengi wa wilaya hii ya Rungwe siku hizi wanalishwa bandani, kwa hiyo majani ndiyo yanayowafuata wao. Alitandaza kamba ya mgomba chini, akalaza majani juu yake, mashina upande mmoja, akakandamiza kwa goti na kuvuta. Kamba ikakatika.

Bibi yake alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale akimenya ndizi za kupika. Kwa mkono wake angeufunga mzigo ule kabla sijapiga chafya. Hakuinuka wala hakusema neno. Mtoto akarudi mgombani, akabandua ganda jingine, safari hii la nje, lililokwisha kunyauka, akalisokota kwanza kati ya viganja. Mzigo ukafungika. Na ile ndizi aliyokuwa nayo bibi mkononi, naapa, ilimenywa kwa muda mrefu kuliko ndizi yoyote niliyopata kuiona.

Utulivu ule ni ufundi. Asiyejali hunyamaza pia, lakini macho yake huwa kwingine. Ya bibi hayakutoka kwenye kamba. Alijua kwamba kamba ikikatika hasara ni kamba tu. Nadhani kama mtoto angekosea kushika panga, ningeisikia sauti ya bibi hadi stendi.

Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, waliwahi kuujenga utulivu huo kwa mianzi na udongo. Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti miongoni mwao kati ya 1934 na 1938, waliandika kwa kina juu ya vijiji vya rika. Kuanzia miaka 6 hivi mvulana alichunga ng'ombe wa baba yake pamoja na wenzake, wakiwa na kiongozi kutoka miongoni mwao. Alipofika miaka 10 au 11 aliwaachia wadogo zake ng'ombe, akaanza kulima shamba la baba, na akahama kwa kulala. Wavulana walijenga vijumba vyao pembeni ya kijiji cha wazazi. Wadogo walipokelewa mpaka wale wa kwanza walipokuwa vijana wakubwa, kisha mlango ukafungwa, na waliobaki nje wakaanzisha kijiji chao.

Fikiria kijumba cha kwanza cha mtoto wa miaka kumi. Lazima kilivuja, na mvua za Rungwe hazina subira na fundi anayejifunza. Lakini angekiziba mwenyewe, kwa sababu aliyelowa ni yeye na rafiki aliyelala naye mkeka mmoja. Chakula ndicho hakikuhamishwa. Walikwenda kundi zima kula kwa mama wa huyu, kisha kwa mama wa yule, na mama aliona fahari mwanawe akimletea rika lake. Hapo ndipo ninapovua kofia: waliokata kipimo walijua kwamba mtoto wa miaka kumi anaweza kujitafutia paa, ila tumbo lake bado ni la mama. Walichokitafuta wavulana pale kijijini kiliitwa ukwangala, yaani kukaa vizuri na wenzako, kula, kuzungumza na kubishana nao. Monica Wilson alikipa kitabu chake cha 1951 jina linalotokana na wazo hilo.

Wasichana hawakupewa kijiji. Waliposwa mapema, na uhuru wa kaka zao ulisimama juu ya majiko ya mama na dada. Sifa yangu inakoma hapo.

Mbali na Rungwe, kuna mwingine aliyeufikia ufundi ule ule wa kusogea. Mwaka 1907 Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Akawafundisha walimu jambo gumu kuliko kufundisha: onyesha polepole, kisha rudi nyuma. Baadaye, alipowafikiria vijana wa balehe, alitaka watoke nyumbani wakaishi shambani, walime, wauze mazao, wajiendeshe. Aliwaita kwa Kijerumani Erdkinder, watoto wa ardhi. Mzee wa Rungwe angemsikiliza mama yule wa Kiitalia kwa adabu, kisha angeuliza kwani wengine huwalea vipi.

Vijiji vya rika vimekwisha. Wanaume walikwenda kutafuta pesa kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, shule zikaja na ratiba zao, kisha kahawa na chai zikaifanya ardhi kuwa kitu cha kung'ang'aniwa. Mtu mwenye mibuni hahamihami.

Na kuhama ndiko kulikokuwa kilele. Wana walipokwisha kuwa watu wazima wenye wake na watoto, ilifanywa sherehe ya ubusoka. Moto wa zamani ulizimwa majumbani, mpya ukapekechwa. Utawala na ardhi vikakabidhiwa kwa wana, na baba zao wakasogea upande mmoja kuwapa nafasi. Mtu aliyeondoka kwa baba yake akiwa na miaka 10, na mkeka kwapani, alikuwa anahama tena, safari hii akimpisha mwanawe.