Kuamsha Mmoja Kati ya Sita

Treni Z201 huondoka Beijing jioni kwenda Sanya, kusini kabisa mwa kisiwa cha Hainan, na abiria hulala njiani usiku mbili. Kwenye mabehewa ya bei nafuu vitanda hupangwa sita sita, vitatu kila upande: cha chini, cha kati, cha juu. Aliyelala daraja la pili la TAZARA, reli iliyojengwa na Wachina, anaujua mpango huo, ila huku hakuna mlango wa kufunga. Behewa zima lina vitanda 66, na taa zikishazimwa, kwenye saa nne usiku, wote hao wako mikononi mwa mhudumu wa zamu.

Kazi yake naistahi sana. Zamani, ukipanda, alichukua tiketi yako akakupa kadi ya kitanda. Tiketi aliichomeka kwenye mkoba wenye vijimfuko vilivyofuata namba za vitanda, hivyo kwa kutupa jicho tu alijua nani anashuka wapi. Treni ikikaribia stesheni yako alikuja, akakuamsha, akakurudishia tiketi. Tangu 2020 tiketi za kielektroniki zimeenea hata kwenye treni za kawaida. Lakini kuamsha bado ni kazi ya mkono na sauti: kumfikia mtu wa kitanda cha juu gizani, kumtoa usingizini kwa wakati, na watano waliobaki wasigutuke. Huo ni ustadi, na abiria anayejilaza bila kutega saa anauamini kwa moyo wote.

Usiku wa pili treni hufika Mlangobahari wa Qiongzhou. Daraja la kuvukia hakuna. Treni hukatwa vipande, na injini huvisukuma polepole melini, kwenye reli zilizolala sambamba. Reli za gati na za meli huunganishwa kwa kidaraja kinachopanda na kushuka kadiri maji yanavyojaa na kupwa. Uzito nao lazima ugawanywe sawa, meli isilalie upande. Tangu 2004 abiria wamekuwa wakivushwa hivyo, wakiwa ndani ya mabehewa yao, wengine wamelala fofofo. Ng'ambo vipande huungwa tena, breki hupimwa, na mhudumu huanza kuwapitia wanaoshuka Haikou, kitanda kwa kitanda.